Diwani Aazima Gari la Kidawa

Diwani Shemdoe akiazima kitu, harudishi. Siku hiyo alilitaka gari kuukuu la Kidawa, fundi umeme wa magari, aende nalo mazikoni.

"Lete ufunguo, au kibanda hiki nakivunja."

"Chukua, mheshimiwa. Ngoja tu nikague fyuzi, lisije likakuaibisha."

Kidawa alichokonoa nyaya kidogo, akafunga boneti, akampa ufunguo.

Kabla ya adhuhuri diwani alirudi, jasho likimtiririka. "Gari gani hili! Kila nikikanyaga breki linapiga honi kama la harusi, mbele ya jeneza! Sitaki hata kuliona!"

"Pole, mheshimiwa. Limezeeka, halina adabu."

Diwani alipopotelea kwenye kona, Kidawa alifungua kisanduku cha fyuzi, akauchomoa waya wa taa za breki kwenye rilei, swichi ya umeme ya honi, akaurudisha pale alipoutoa asubuhi.