Nukta ya Sita kwenye Barabara ya Mabatini

Tulieni, niwaweke sawa kabla sijaanza. Nina watu watatu, na nina jina moja. Nitawasimulia yaliyowapata, na nikifika mwisho nitanyamaza mimi, mtasema ninyi.

Huko Rungwe, ambako ukungu huteremka mchana kweupe na kuziba mlango wa jirani usiuone, upo mtaa unaoitwa Mabatini. Barabara ya lami inaupasua mtaa huo katikati. Nyumba zimeisogelea pande zote mbili, vibaraza vinakaribia kugusa lami, na katikati ya mtaa kuna kona. Kwenye kona hiyo kilikuwapo kibao cha mwendo kilichoandikwa hamsini, na katika miaka mitatu watu watano waligongwa hapo wakafa.

Wa kwanza wa watu wangu ni Lugano, mama mmoja fundi cherehani. Kwa Kinyakyusa jina lake ni upendo. Huyu alijaliwa masikio. Alikuwa akisikia uzi unataka kukatika kabla haujakatika. Gari likija, hata hajainua macho kwenye kitambaa, alikuwa akisema, "Huyo arobaini na tano," au, "Huyo ana haraka, sitini hiyo." Watu walicheka, wakadhani ni utani wa fundi.

Wa pili ni Mzee Tumaini, mpima ardhi mstaafu, asiye na mke wala mtoto. Yeye alijaliwa mkono. Alikuwa akichora mstari ulionyooka bila rula, na ukimpeleka mahali mara moja tu, anakuchorea ramani yake ukashangaa.

Wa tatu ni Lusajo, dereva wa lori la ndizi. Jina lake maana yake baraka. Yeye alijaliwa ulimi usiojua uongo. Alipokuwa shuleni alichapwa fimbo zisizo zake na zake, kwa sababu kila akiulizwa alisema kama ilivyokuwa.

Sasa sikieni lililowaunganisha. Wa tano kufa pale konani alikuwa Tusekile, mtoto wa Lugano, wa pekee, umri wake miaka tisa. Alitumwa sabuni ng'ambo ya barabara. Ukungu ulikuwa umeshuka, saa kumi jioni, na lori lililotokea konani lilikuwa la Lusajo.

Polisi walikuja, wakapima. Lusajo hakuwa amelewa. Mwendo wake ulikuwa hamsini, kama kibao kilivyosema. Wakamwuliza, "Ulikuwa mwendo gani?" akajibu. Wakamwuliza, "Ulikunywa?" akajibu. Kisha wakamwachia. Lipo jambo moja ambalo hawakumwuliza, naye hakulisema. Hakudanganya. Alinyamaza tu.

Arobaini ya mtoto ilipopita, Lugano alirudi kwenye cherehani yake kibarazani. Siku ya kwanza ukungu uliposhuka, alisikia kandambili. Pwaa, pwaa, pwaa. Hatua za mtoto mwepesi, zinatoka upande wake wa barabara, zinaingia kwenye lami, zinafika katikati. Hapo zinanyamaza. Halafu zinaanza tena mwanzo, upande wake, pwaa, pwaa, pwaa, mpaka katikati, kimya.

Alishuka kibarazani akasimama ukingoni. Hakukuwa na mtu. Hatua zilipita mbele yake, karibu sana, hata alihisi upepo mdogo kwenye vifundo vya miguu.

"Tuse?" aliita. "Mwanangu, vuka basi. Vuka, hakuna gari."

Hatua zilifika katikati zikanyamaza.

Kila ukungu uliposhuka ilikuwa hivyo. Lugano hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuanza kusikiliza magari kwa makusudi, siku hadi siku, akiandika kwa chaki ya kushonea, kwenye vipande vya kitambaa, kila mwendo aliousikia. Alitaka kuwajua hao wanaokimbia. Alisikiliza kwa miezi miwili, kwenye baridi na manyunyu, mpaka kifua kikaanza kumbana.

Mzee Tumaini naye alikuwa na yake. Aliamua kuichora ile kona ili aipeleke kwa wahusika, na kila aliyekufa amtilie nukta nyekundu. Akapima kwa hatua na kwa kamba, akachora, akatia nukta tano. Alipoinua kalamu akaona ni sita. Ya sita ilikuwa mbele ya geti la Vumilia, mama mmoja kijana mwenye mtoto wa miaka minne, na wakati huo mimba ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Pale hakuwa amekufa mtu.

Akadhani ni uzee. Akachukua karatasi nyingine, akachora upya taratibu, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akaweka kalamu mezani. Nukta zilikuwa sita. Mara ya tatu aliukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauona kwa macho yake ukisogea wenyewe mpaka kwenye lile geti, ukabonyeza. Tangu hapo mkono ule ukawa unatetemeka, hata kikombe cha chai akawa hawezi kukishika.

Na Lusajo? Lusajo aliendelea kupita pale na ndizi zake, kwa kuwa njia nyingine haikuwepo. Kila alipoifikia ile kona, kiti cha utingo kilibonyea, kama kinavyobonyea akikaa mtu mwepesi. Hakukuwa na mtu. Kilibaki hivyo mpaka amelivuka daraja la mwisho wa mtaa, ndipo kikainuka. Alimwacha utingo wake, akawa anasafiri peke yake. Hakuthubutu kumkalisha mtu kwenye kiti kile.

Watu wa Mabatini wakaomba mkutano. Mhandisi wa barabara akaja, pamoja na askari wa trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Walikaa kwenye ofisi ya mtaa, mita chache kutoka barabarani, saa nne asubuhi. Ombi lilikuwa moja tu: kibao kishuke, kutoka hamsini mpaka thelathini.

Lugano akasimama na vitambaa vyake vyenye maandishi ya chaki.

"Mama, pole sana kwa msiba," mhandisi akasema. "Lakini masikio si kipimo."

"Basi nipime."

Wakamgeuza uso ukutani. Askari akatoka nje na tochi yake. Gari likapita. "Arobaini na nane," Lugano akasema. Askari akapaza sauti kutoka nje: "Arobaini na nane!" Likapita jingine. "Arobaini na tatu." "Arobaini na tatu!" Yakapita tisa, hakukosea hata moja.

Mhandisi akavichukua vile vitambaa, akavisoma vyote. Kisha akasema kwa upole, "Mama, nakuamini. Lakini unaona ulichoniletea? Karibu wote hawa wako chini ya hamsini. Wanatii sheria. Sasa nibadilishe nini?"

Lugano akakaa. Alikuwa ametafuta wakosaji miezi miwili, na hakuwapata.

Hapo Mzee Tumaini akakunjua ramani yake. "Mheshimiwa, tazama umbali. Dereva akitokea konani, mpaka anapoingia mtoto barabarani, ni mita kumi na nane. Gari la hamsini kwenye lami yenye maji halisimami ndani ya mita kumi na nane. La thelathini linasimama. Aliyeweka kibao hiki hakuipima kona."

Mhandisi akainama juu ya karatasi. Akahesabu kwa kidole. "Mmesema waliokufa ni watano."

"Ni watano."

"Hii ya sita ni ya nani?"

Mzee Tumaini akaficha mkono wake chini ya meza. "Hiyo sikuiweka mimi," akasema. Vumilia, aliyekaa nyuma, akaitambua nafasi ya geti lake, akashika tumbo.

Mhandisi alikunja uso. "Hesabu za karatasi ni nzuri, mzee. Lakini dereva aliye makini huona mapema, hupunguza mwenyewe. Tatizo ni uzembe, na uzembe hautibiwi na kibao."

Nyuma kabisa, mlangoni, mtu akasema, "Mimi sikuwa mzembe."

Alikuwa Lusajo. Hakuna aliyemwona akiingia. Lugano alipoisikia sauti ile aligeuka, na waliokaa karibu naye wakasogea.

"Mimi ndiye niliyemgonga Tusekile," Lusajo akasema. "Sikulewa, sikuwa na simu, sikusinzia. Nilikuwa hamsini. Polisi hawakuniuliza kama nilimwona, na mimi sikusema. Leo nasema. Nilimwona. Nilimwona vizuri, akaniona. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori likaendelea kwenda, na tukawa tunatazamana mpaka mwisho. Ningekuwa thelathini, mama yake angekuwa anamsuka nywele leo."

Alilia bila kujifuta. "Nilifuata kibao chenu, mheshimiwa. Nilikifuata sawasawa."

Mhandisi aliitazama ramani, akavitazama vitambaa, akamtazama yule dereva. Kisha akatoa kalamu.

Wiki mbili baadaye kibao kipya kikasimikwa, thelathini, na askari akasimama pale mwezi mzima mpaka madereva wakazoea. Tajiri wa lori alipopata habari kwamba dereva wake amejitangaza mbele ya watu, alimfukuza kazi. Lusajo akabaki kubeba mikungu ya ndizi begani sokoni, na wengine walikataa hata kumpa mkono.

Ikapita miezi. Siku moja ya Alhamisi, saa kumi jioni, ukungu ukashuka mzito. Vumilia, mimba ikiwa ya miezi minane, alikuwa akianua nguo. Geti halikuwa limefungwa. Mtoto wake Tumsifu akatoka mbio.

Lugano, kibarazani kwake, alizisikia kandambili. Pwaa, pwaa, pwaa, mpaka katikati. Akangoja zinyamaze. Hazikunyamaza. Ziliendelea, zikavuka, zikapanda ukingo wa pili, zikaenda zikipungua. Na nyuma ya hatua hizo akasikia miguu mitupu ya mtoto mwingine, na pikapu inaingia konani. "Thelathini," alisema kwa sauti, akasimama, cherehani ikaanguka.

Breki zililia. Pikapu ilisimama. Kioo cha taa kiligusa gauni la Tumsifu, na pua ya gari ikawa inampulizia mvuke usoni. Hakuchubuka hata kidole.

Mzee Tumaini alikuja na kamba yake. Hakuwa na haja ya kupima, lakini alipima. Mtoto alikuwa amesimama mahali pa nukta ya sita, sawasawa.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Vumilia alimwuliza, amemkumbatia.

"Nilikuwa namfuata dada."

"Dada gani?"

"Yule wa kandambili za bluu. Kavuka, akaniambia mimi nirudi kwa mama."

Lugano alikaa chini palepale kwenye lami yenye maji. Tusekile alizikwa na kandambili zake za bluu, na waliojua hilo walikuwa yeye na wanawake wawili waliomwosha marehemu.

Siku kumi na tisa baadaye Vumilia alijifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wa mumewe mtoto hupewa jina la mtu, na huamini kwamba mtoto huchukua kitu kutoka kwa somo wake, yule mwenye jina: kipaji chake, na mzigo wake pia. Jina ni moja. Likishatajwa mbele ya watu, halibadilishwi. Na haya majina matatu, Lugano, Tumaini, Lusajo, huko huitwa wanaume na wanawake vilevile.

Vumilia alitaka jina la mmoja wa watatu hao, akawaendea wote kabla ya siku ya jina.

Mzee Tumaini alimpokea kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. "Mimi sina mtoto," alisema. "Nikifa, hakuna wa kulitaja jina langu hata kwa kosa. Lakini sitaki kukuficha: mkono huu uliijua nukta ile kabla sijaijua mimi. Sijui anayeuongoza."

Lugano alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Ukimpa langu, nitafurahi, na nitaogopa. Sitamani mtoto asikie ninayoyasikia. Ukimpa la mzee, ni sawa."

"Na nikimpa la Lusajo?"

Lugano aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni. "Utakuwa unaliita kila asubuhi, mwenzangu, hapo getini kwako. Lusajo, njoo unywe uji. Lusajo, vaa viatu. Sisemi nitaweza kulisikia. Sisemi sitaweza."

Lusajo alikutwa sokoni, mkungu begani. Alipoelezwa, aliutua chini. "Usimpe langu, mama," alisema. "Jina langu watu wanalitema." Kisha akatazama pembeni, na kwa kuwa ulimi wake haujui uongo, ikabidi amalizie. "Lakini nalitaka. Natamani pawepo mtu mmoja anayeitwa hivyo na hajaua."

Vumilia alirudi nyumbani na majibu hayo matatu, na leo ndiyo siku yenyewe. Uji umeshaiva, ukoo umekaa, Lugano yupo, Mzee Tumaini yupo, Lusajo amesimama nje ya geti hajathubutu kuingia. Bila masikio ya mama, mhandisi asingejua kwamba wanaoua ni wale wanaotii. Bila ramani ya mzee, asingejua kwa nini. Bila ulimi wa dereva, asingeshika kalamu. Na bila wote watatu, Tumsifu asingekuwa hapa akimchezea mdogo wake vidole.

Bibi wa mtoto amemnyanyua mikononi. Wote wanamtazama Vumilia afungue kinywa.

Nami nimemaliza yangu. Haya, ninyi mliosikia: mtoto huyu mngemwita nani?