Fisi na Hadithi ya Ukoo wa Mhanga

Mwaka huo mto ulikauka hadi mamba akawa anaomba tope kwa majirani. Ikabaki chemchemi moja tu, na Simba akaikalia.

"Kila ukoo uje usimulie asili yake," akatangaza. "Asiye na hadithi ni mgeni. Mgeni hanywi."

Fisi alikuwa nayo hadithi, lakini haikusimulika: babu yake alifukuzwa kijijini kwa kula ngoma ya harusi, ikipigwa. Basi akaiba ya Mhanga, yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu. Kuiba hakukuwa kazi. Alikuwa akilala bure katika shimo la pili la Mhanga, na kila jioni alimsikia akiwasimulia wanawe.

Fisi akawahi barazani.

"Bibi yetu," akaanza, akilia, "aliichimba chemchemi hii kwa kucha zake, siku saba. Mchwa ndio waliomlisha. Akaapa: uzao wangu hautagusa nyama, chakula chetu ni mchwa!"

Simba akapangusa jicho. "Mpeni maji. Na kiti."

Akaja Mhanga, ulimi umemkauka. "Bibi yetu aliichimba chemchemi hii..."

Baraza zima likacheka.

"Hadithi hiyo ina mwenyewe," Simba akanguruma. "Toka, mgeni."

Mhanga hakujua kubishana mbele za watu. Akatoka na kiu yake.

Sungura akainua mkono. "Mfalme, mjukuu wa mchimbaji tumheshimu. Sisi tule nyati uliyemwinda, yeye tumletee mchwa."

"Ndicho chakula chetu, ndugu yangu," Fisi akasema, akimtazama nyati.

Siku ya kwanza mchwa wakamng'ata ulimi.

"Watamu?" Sungura akauliza.

"Kama wa nyumbani."

Siku ya pili sahani yake ikawekwa kando ya maini.

"Ndugu Sungura, hivi kile kiapo ni cha ukoo mzima, au wengine husamehewa?"

"Mwenye hadithi ni wewe, bwana. Tueleze."

Siku ya tatu upepo ukageuka, ukamletea harufu ya mafuta. Walipomtafuta mgeni wa heshima wakaona mkia tu.

"Mjukuu wa mchimbaji," Simba akauliza, "umeingiaje kwenye mbavu za nyati?"

"Natafuta mchwa, Mfalme," ikajibu sauti kutoka ndani, mdomo umejaa.

Simba akaligeukia baraza. "Simba hakosei," akasema, "ila huweza kusikia upya. Mwiteni Mhanga."

Mhanga akaja, akijikokota.

"Simulia."

"Sina la kuongeza, Mfalme. Amesimulia vizuri kuliko mimi. Ila bibi hakulia. Kilio amekitia yeye."

Mhanga akanywa mpaka akatosheka. Fisi akatolewa ubavuni kwa kuvutwa miguu, akafukuzwa bila maji, bila nyama na bila shimo la kulala.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.