Mshale Uliolala

Tik. Tik. Umeme ulikuwa umekatika, na birika la umeme lililia hivyo gizani. Ipyana wangu akanyoosha mkono kulishika.

"Taa yake imezima, mama. Limepoa."

Nikamdaka mkono. "Mshale kulala si injini kupoa!"

"Methali gani tena hiyo?" dada yake, Atupele, akacheka.

Kaeni niwaambie. Methali hii ilianzia kwenye lori la maziwa, katika mlima wa kwenda Tukuyu. Lori lilikuwa hilo moja tu. Likifa njiani, maziwa ya kijiji kizima yanachacha. Ndiyo maana dereva, Ambakisye, alikuwa na desturi ya kutangaza ulipofika mshale wa kipimo cha joto la injini, na abiria waliokaa juu ya madumu waliitikia.

Siku hiyo akapaza sauti, "Mshale unapanda!"

"Simamisha!" wakaitikia.

Akasimama, akafungua boneti, akachomoa waya mmoja, akarudi kwenye usukani. "Mshale umelala!"

Vigelegele! Lori likaondoka. Lakini Tusekile, fundi umeme wa magari aliyekuwa kati ya abiria, akanusa harufu ya kuungua. Akagonga paa la gari kwa viganja viwili, lori likasimama.

"Kaka, umechomoa nini?"

"Kile kiwaya kichokozi. Shuka basi uendeshe wewe, fundi wa kike!"

"Nashuka. Na wewe shuka uone."

Tusekile akaitemea boneti mate. *Chwaa!* Yakakauka hapo hapo.

"Kiwaya hicho kimetoka kwenye sensa, kile kifaa cha kupima joto," Tusekile akasema. "Sensa imezama kwenye maji ya injini. Maji yakiwa baridi, inaubana umeme, unapita kidogo. Yakipata moto, inauachia, unapita mwingi, na mshale unapanda. Wewe umeukata umeme wote. Mshale utasema nini, kama si baridi?"

"Kwa hiyo umelala..."

"Umelala, injini inaungua!"

Wakazima injini, wakangoja ipoe kwelikweli ndipo wakafungua rejeta. Ilikuwa karibu kukauka! Wakachota maji mtoni kwa mifuniko ya madumu, wakajaza, Tusekile akarudisha waya, injini ikawashwa. Mshale ukainuka kidogo, ukatulia katikati. Jamani, walivyoshangilia! Maziwa yakafika yangali matamu.

Tangu hapo Ambakisye akitangaza "Mshale umelala!", abiria humjibu kwa pamoja: "Mshale kulala si injini kupoa!" Naye hushuka, akapapasa boneti.

Gizani, Ipyana akasogeza kiganja karibu na birika, bila kuligusa.

"Mama, bado lina moto."