Nafasi Isiyokuwa na Jina

Mwanamke mmoja alikuwa na kafi lenye bapa huku na bapa huku, na hapakuwa na kitu alichokipenda kuliko hicho. Aliitwa Nyamizi. Aliuza dagaa katika mji ulio kando ya ziwa, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni aliingia katika kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mashindano unaokaa mtu mmoja, akapiga kafi mpaka mabega yakawaka moto. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Alitaka jambo moja tu: kufika kwenye mstari wa kuanzia wa Mashindano Makuu, mahali ambapo nchi yake haikuwahi kuonekana.

Sheria ya kufika huko ilikuwa fupi na haikuwa na huruma. Nchi zote za bara zilikutana mara moja kwa mchujo, na katika mbio za wanawake nafasi ilikuwa moja. Wa kwanza anaichukua, wa pili anarudi nyumbani. Nyamizi akaenda, akawa wa kwanza. Alipotoka majini, Mwenyekiti wa chama cha wapiga kafi, bwana mnene aliyekuwa akilia bila aibu, alimpigia kelele kutoka ufukweni, "Tumefuzu!" Kulikuwa na upepo. Nyamizi alisikia "Umefuzu," na neno hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Barua ilipokuja ilisema hivi: nchi yenu imepata nafasi moja, tumeni mpiga kafi wenu. Nyamizi aliisoma mara ya kwanza akilitafuta jina lake. Akaisoma mara ya pili kwa kidole. Halikuwamo. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba ndivyo ilivyo kwa kila nchi: anayeshinda kwenye mchujo huipatia nchi yake nafasi, kisha nchi yenyewe huamua nani akae ndani ya hiyo nafasi. Chama kitashindanisha watu wake hapahapa nyumbani, na mwenye kasi zaidi ndiye atakayekwenda. Nyamizi aliitikia, lakini tangu siku ile hakutulia tena.

Mbio za nyumbani zilifanyika miezi mitatu baadaye. Sikudhani, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemkalisha ndani ya kayaki kwa mara ya kwanza, akimshikia chombo kisipinduke, alimshinda kwa urefu wa kiganja. Kiganja tu! Bega la Nyamizi lilikuwa linauma siku ile, ila hakulitaja, maana hakuna aliyemuuliza.

Ikabaki kazi ya karatasi. Nchi ilitakiwa kujibu kwamba inaikubali nafasi, na jibu litumwe kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Isipojibu, nafasi inahamia kwa nchi iliyokuwa ya pili kwenye mchujo, na hakuna rufaa. Na kwa desturi ya chama kile, barua haitoki bila sahihi mbili, ya Mwenyekiti na ya nahodha wa wapiga kafi. Nahodha alikuwa Nyamizi. Jumanne Mwenyekiti alitia sahihi yake, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, akaondoka upesi kwa sababu alishindwa kumtazama usoni.

Jumatano Nyamizi hakusaini. Aliiweka karatasi chini ya kopo la chumvi, akaitoa, akaikunja ndani ya kanga, akaitoa tena. Sokoni alipanga mafungu ya dagaa, akayapangua, akayapanga. Alijiuliza ni nani aliyeyavuta yale maji siku ya mchujo. Nchi? Nchi ina mabega? Meza ya jirani alikaa Mama Kasubi, mwanamke asiyejua hata kuogelea, na alikuwa akimwambia kila mpita njia kwamba sisi tumefuzu. Nyamizi alitamani kumwagia ndoo ya maji. Mmefuzu wewe na nani? Lakini palepale akakumbuka ni nani aliyemfungulia meza na kumuuzia dagaa wake kila asubuhi aliyochelewa kutoka ziwani, miaka yote kumi na mmoja. Kumbukumbu hiyo ilimkera kuliko kelele zenyewe. Alhamisi nayo ikapita hivyohivyo, mtu akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kukaa.

Ijumaa saa nane mchana alishuka ziwani, karatasi ikiwa mkobani. Tusimpambe: hakwenda kusaini. Alikwenda kuzipoteza saa mbili zilizobaki, ili baadaye aweze kusema alijisahau.

Upepo ulikuwa mbaya. Sikudhani alikuwa majini peke yake, akihangaika na mawimbi, na Nyamizi aliliona tena kosa ambalo amelijua siku zote. Upande wa kushoto binti yule alilitoa kafi majini mapema, kabla halijafika usawa wa kiuno, na nusu ya nguvu yake ikapotea. Miaka minne Nyamizi alikuwa analijua kosa hilo. Miaka minne alinyamaza, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimweka yeye mbele. Sasa alilitazama likijirudia, kushoto, kushoto, kushoto, na akaona vile litakavyojirudia mbele ya watu wa dunia nzima, chini ya bendera ambayo yeye ndiye aliyeitafutia njia. Wimbi likaiyumbisha kayaki, binti akanusurika kupinduka, akajiweka sawa, akarudia kosa lilelile. Nyamizi aliuma midomo. Haikusaidia kitu.

"Kushoto hujamaliza, Sikudhani! Vuta mpaka kiunoni!"

Binti akageuka, akamwona, akavuta kama alivyoambiwa. Kayaki ikachomoka. Akavuta tena, ikachomoka tena. Nyamizi akakaa chini kwenye mchanga akalia, kwa hasira hasa, maana alijua kwamba amekwisha kutia sahihi kwa mdomo na mkono umebaki kufuata tu. Alisaini juu ya mgongo wa kayaki yake mwenyewe iliyofunikwa kifudifudi, akakimbia na viatu mkononi mpaka kwa Mwenyekiti. Jibu lilitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi.

Msidhani alipata amani siku ile. Sikudhani alipoondoka, Nyamizi alikuwa sokoni na bega linamuuma, na moyo pia. Lakini siku ya mbio watu walijazana kwenye redio ya Mama Kasubi, na mtangazaji alipowataja waliokuwa kwenye mstari wa kuanzia, hakuanza na jina la mtu. Alianza na jina la nchi. Mama Kasubi akaushika mkono wa kushoto wa Nyamizi, na mbio zilipoanza akausikia mkono ule ukivuta wenyewe, taratibu, mpaka kiunoni.

Basi ninyi mnaonisikiliza, neno lile la ufukweni linawafikiaje: likiwa na herufi yake ya kwanza, au upepo umeichukua?