Asiyelala kwa Chokaa

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini nilipowaona mkiufanyia mzaha mtihani wa majaribio nilisema, "Asiyelala kwa chokaa hatalala kwa chuma." Basi sikilizeni neno hili lilikoanzia.

Katika kambi moja ya jeshi, Sajini Nandonde wa karakana aliagizwa atengeneze mabomu ya mkono ya kuwafundishia makuruta. Akaunda ya plastiki, ndani chokaa na fataki ndogo. Yalipasuka kwa kishindo, yakamwaga vumbi jeupe, basi.

Siku ya kuyajaribu, kuruta Mkude alirusha lake, kisha akabaki wima handakini, shingo nje, aone chokaa ikitimka. Uso wake ulipogeuka mweupe, wenzake walicheka hadi mbavu zikawauma. Nandonde hakucheka.

"Kazi nzuri, Sajini," Kapteni alisema. "Hakuna aliyeumia. Kesho watarusha ya kweli, ya chuma."

"Afande, hawakulala chini baada ya kurusha."

"Walale kwa ajili ya chokaa?"

"Mwili haujui chokaa, afande. Unajua ulichozoezwa. Nipe wiki moja tu."

"Kesho woga utawalaza wenyewe."

Jeshini amri haibishiwi. Jioni ile Nandonde alikaa nje ya karakana. Aliwatazama vijana wakienda kuoga huku wakiimba, akajiuliza ni yupi atakayezikwa kwa sababu ya mchezo alioutengeneza yeye.

Asubuhi aliomba asimame handakini pamoja na mrushaji, akakubaliwa. Mkude akarusha bomu la kweli, tena akalirusha vizuri, kisha akabaki wima, shingo nje. Nandonde alimvuta kwa mkanda, wakaanguka wote wawili, yeye juu. Mlipuko ukapita, mchanga ukawafunika.

Mkude alitoka mzima. Sajini alitoka na damu sikioni, na sikio lile halikusikia tena mpaka alipokufa.

"Ulikuwa unangoja nini?" Kapteni alimwuliza kuruta.

"Nilikuwa nangoja chokaa, afande."

Kapteni akasitisha zoezi, akaagiza yaletwe mabomu ya chokaa, akasimama mbele ya kikosi na sare yake iliyopigwa pasi. La kwanza liliporushwa, yeye ndiye aliyetangulia kulala kifudifudi matopeni. Makuruta wote wakalala. Hakuna aliyecheka.

Aliinuka, matope kifuani, hakujipangusa. Akawaambia, "Asiyelala kwa chokaa hatalala kwa chuma."