Kwa Nini Ufagio Hauingii Msituni

Enzi hizo milima ya Upare ilipokuwa ikifunikwa na ukungu hadi mchana, udongo wa msituni ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walionekana kwa macho. Walikuwa kama punje za uwele, weupe, wekundu na weusi, wamejazana chini ya majani makavu, wakitafuna na kunong'ona kama uji unaotokota. Watu waliwaita Wadogo. Jani lilipoanguka walilila, wakaligeuza chakula cha mizizi. Hakuna aliyewashukuru; nani humshukuru mla makombo?

Katika kijiji kimoja kando ya msitu aliolewa Namvua, binti wa watu wa tambarare, ambako mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Kwa ufagio alikuwa fundi. Lakini wifi yake, Nakiete, alikuwa na mdomo. Kisimani alisema Namvua hufagia panapoonekana tu, nyuma ya nyumba kuna mambo. Maneno yakamfikia Namvua kabla mtungi wa Nakiete haujajaa. Mnajua ya mawifi yanavyotembea.

Basi wazee walipotangaza tambiko katika msitu wa ukoo, Namvua akaona hapo ndipo pa kumziba mtu mdomo. Akambeba mwanawe mgongoni, akaingia msituni, akafagia majani yote na kuyasukumia korongoni. Udongo ukabaki kama kichwa kilichonyolewa.

"Mama, umetuvua nguo," Wadogo wakamwambia.

Akawajibu kwamba huo ni usafi, wangezoea.

Jua likawapiga. Wakanywea wakawa kama unga, kisha kama vumbi la unga, kisha hakuna jicho lililowaona tena. Mnong'ono ukakatika.

Mwanzoni watu walimsifu. Kisha yakaanguka majani mengine, yakakaa vilevile, makavu kama ngozi ya ng'ombe. Miti ikageuka njano kuanzia vileleni. Chemchemi iliyotoka msituni ikapungua, maji yakawa ya kukinga kwa kata. Nakiete akawa anapita kuvitazama vilele, na hilo lilimtia Namvua hofu kuliko maneno yake yote.

Siku moja mama mkwe akamwita jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, msitu huu ukifa, wazee watakurudisha kwenu. Na mtoto ni wa ukoo, atabaki."

Tangu hapo Namvua hakula akashiba. Alibeba maji, mtungi juu ya mtungi, akamwaga msituni hadi pakawa tope. Wadogo wakakosa pumzi, tope likanuka kama yai viza. Akaleta majivu ya jikoni. Udongo ukawa mkali, hata vichipukizi vilivyosalia vikaungua. Maziwa yakampungua. Mtoto akilia, alihisi kama wameshakuja kumchukua.

Mchana mmoja, amechoka, aliketi kando ya gogo ambalo alishindwa kulisogeza siku ile ya kufagia. Mtoto akachimba chini yake, akatoa kiganja cha udongo mweusi. Namvua akakishika. Udongo ulikuwa wa baridi, una unyevu bila kulowa. Hapo akaelewa kwamba Wadogo hawakutaka kuogeshwa wala kupakwa majivu. Walitaka kufunikwa.

Akashuka korongoni, akaanza kuyapandisha majani kwa tenga, na kila alipoyatandaza akanyunyiza udongo wa chini ya gogo. Nakiete akamkuta njiani.

"Wifi, leo unaurudisha uchafu?"

"Naurudisha. Na wewe unakunywa chemchemi hii hii."

Nakiete akacheka, akasimama kidogo, kisha akaenda kuchukua tenga lake.

Mvua nyepesi ikanyesha. Namvua akatega sikio, mnong'ono haukurudi. Akainama hadi pua ikagusa majani, na harufu ikampanda, nzito, tamu, ambayo hakuna aliyewahi kuinusa kabla. Akamwita mama mkwe. Mama yule akapiga magoti, akanusa.

"Wapo," akasema. "Mnyonyeshe mwanao."

Toka wakati huo Wadogo hawaonekani, kwa aibu ya kuvuliwa hadharani. Jua likizidi hulala. Mvua ikiwagusa huitika kwa harufu tu. Ndiyo maana ufagio hauvuki ukingo wa msitu ule. Na mwanamke akiingia kuokota kuni, kwanza huinama kunusa. Asipopata harufu, hageuki kuita mtu. Huikaza mbeleko, akaanza kukusanya majani.