Printa ya Mwalimu Mwantumu

"Mgeni mpime akilala." Maneno hayo mmeambiwa leo asubuhi na seremala, mlipomtaka awatengenezee rafu ya printa katika kile kibanda chenu cha chini ya ngazi. Mmekuja kwangu mmenuna, mkidhani amewatania. Hakuwatania. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, na mahali penyewe ni hapa hapa Korogwe, chumba kilichopakana na changu, enzi hizo nilipokuwa mpangaji. Ilianza hivi.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Katika chumba kimojawapo walikaa mume na mke. Mume alikuwa fundi cherehani, Mbelwa jina lake, mtu mwembamba aliyetembea siku zote na futi ya kupimia shingoni. Mkewe, Mwantumu, alikuwa mwalimu wa darasa la saba. Chumba chao kilikuwa na kitanda, kabati, cherehani na stuli moja. Mtu akitaka kupita, mwingine alikaa kitandani kwanza.

Kila mwezi Mwantumu alitunga mtihani wa majaribio kwenye kompyuta yake ndogo, akaupeleka steshenari kuchapwa. Na kila mwezi mtihani ulifika kwa watoto kabla ya kufika darasani. Ilijulikana kwa namna ya ajabu. Mara ya mwisho, mwalimu alipokwisha kupeleka karatasi steshenari, alirudi akalifuta swali la tano kwa sababu lilikuwa na kosa. Siku ya mtihani watoto thelathini wakaandika jibu la swali lile lililofutwa, na kuanzia hapo majibu yao yote yakawa yamesogea nafasi moja. Walikosa wote, kwa mstari mmoja, kama askari wa gwaride.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwita ofisini akamwambia, "Mwalimu, sisemi unauza mitihani. Lakini wazazi wanasema. Ukivuja tena huu wa Jumatatu, nitakutoa darasa la saba."

Mwantumu alilipenda darasa lile. Alijua nani anakuja bila kunywa chai, nani haoni ubaoni na anaona haya kusema. Alirudi nyumbani macho mekundu, akamwambia mumewe, "Tununue printa. Ndogo, ya bei tunayoiweza. Mtihani usitoke mlango huu mpaka siku yake."

Fundi akainuka saa ile ile. Kulikuwa na nafasi chini ya dirisha, kati ya kabati na kichwa cha kitanda. Akaipima upana, akaipima kina, akaipima kimo, akaandika kiganjani. Kisha akagonga rafu ya mbao pale, nzuri kweli, akaipiga na msasa.

Siku hizo hizo shangazi yake, Mwanahawa, alikuwa amewasili kutoka Mlalo kuja kutibiwa meno. Alikuta mambo ya printa yamepamba moto. Alikaa kwenye stuli, amejikunja, mkoba magotini, na Fundi akamwambia mkewe mbele yake, "Shangazi mdogo tu huyu. Atatosha pale pembeni, wala hatutajua kama yupo."

Shangazi akasema, "Asante, mwanangu."

Jumamosi asubuhi wakaenda dukani, nami nikawasindikiza kwa sababu nilikuwa na safari ya huko. Muuzaji aliwaonyesha moja kubwa ya bei rahisi, Mwantumu akauliza wino wake. Wino ukawa ghali kuliko mashine. Akaonyeshwa nyingine, nyeupe, ya wino wa kujaza kwa chupa, ndogo kama mkate wa boflo. Fundi akavua futi shingoni. Akaipima printa jinsi ilivyokaa kwenye meza ya duka, vifuniko vyote vimefungwa, akatazama kiganja chake, akatabasamu.

"Inaingia," akasema. "Na kidole kimoja kinabaki."

"Tuione ikifanya kazi," Mwantumu akasema.

"Ya nini? Futi haidanganyi."

Muuzaji akadakia, "Msikilize fundi, dada. Na mali ikishafunguliwa hairudi."

Basi wakanunua. Nataka mjue, wajukuu zangu, kwamba kweli iliingia. Ilikaa kwenye ile rafu kama kifungo kwenye tundu lake. Fundi alituita wapangaji tuje tuione. Tukaipongeza rafu, tukaipongeza printa, tukatoka.

Halafu wakataka kuchapa.

Kumbe printa ile hulishwa karatasi kwa nyuma. Kuna kibao kinachochomolewa, kinasimama, karatasi zinaegemea hapo. Ukutani hapakuwa na nafasi ya kibao kusimama, ikabidi printa ivutwe mbele. Ilipovutwa mbele, ule ulimi wa kupokelea karatasi zilizochapwa ukagonga ubao wa kichwa cha kitanda. Ulimi usipotoka, karatasi zinajikunja tumboni. Fundi akasukuma kitanda. Kitanda kikagonga cherehani. Akasukuma cherehani, cherehani ikaziba mlango. Akarudisha cherehani. Akaipima printa tena, imefungwa, akaja mlangoni kwangu na futi mkononi kunionyesha kwamba vipimo ni vile vile.

"Naona," nikamwambia.

"Sasa kwa nini haitoshi?"

Kutwa nzima nilisikia kupitia ukutani mbao zikiburuzwa na Mwantumu akisema, "Fundi, acha. Fundi, nakuomba, acha." Mtu anayerudia kupima kitu kimoja kwa njia ile ile, akitumaini safari hii kitapungua, anachosha kuliko mtoto mwenye homa.

Alasiri akapata wazo. Aliipandisha printa kwenye kingo ya dirisha, mdomo ukaelekea nje, akafungua dirisha. Ulimi ukatoka nje kati ya nondo mbili. Ikatosha. Akafurahi sana, akabonyeza kitufe cha kuchapa bila kumwuliza mkewe.

Mimi nilikuwa uani nikianika nguo. Binti yangu Tunu, wa darasa la saba, alikuwa akiosha vyombo chini ya dirisha lile. Karatasi ikatoka dirishani, upepo ukaichukua, ikatua juu ya sufuria mbele yake. Upande wenye maandishi ulikuwa juu.

Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa mtihani wa Jumatatu.

Nilifika kabla hajakausha mikono. Niliikanyaga. Sitawadanganya: mguu wangu ulikuwa juu ya karatasi ile na moyo wangu ulikuwa unaniambia, huyu ni mwanao, na hesabu hajui. Nikainama, nikaiokota, nikaikunja maandishi kwa ndani, nikampa Mwantumu ambaye alikuwa ameshatoka mbio, kilemba kimemwanguka.

"Umesoma?" akamwuliza Tunu.

"Sijasoma, Mwalimu. Nimeona tu kuna picha ya pembetatu."

Mwantumu hakumgombeza. Aliingia ndani, nami nyuma yake mpaka mlangoni, akakaa kitandani, akaufuta ukurasa wote wa kwanza kwenye kompyuta, akaanza kutunga mwingine. Alilia huku akiandika. Fundi alisimama katikati ya chumba, akarudi nyuma hatua moja kumpisha, akajikwaa, akaangukia kabati kwa mgongo.

Alikuwa amejikwaa kwenye miguu ya shangazi.

Shangazi Mwanahawa, baada ya kung'olewa jino, alikuwa amejilaza kwenye mkeka pale pembeni. Na mwanamke yule, wajukuu zangu, alikuwa mrefu. Kichwa kilikuwa chini ya cherehani na miguu imefika mlangoni.

"Shangazi, miguu yako," Fundi akasema kwa hasira. "Chumba chote umekijaza."

Shangazi hakuikunja. Alisema taratibu kwa sababu ya jino, "Juzi si ulisema mimi mdogo, hutajua kama nipo?"

"Ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa kwenye stuli na mkoba magotini. Mgeni akiwa kwenye stuli kila nyumba inamtosha. Wewe unashona suruali miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minne."

"Mteja unampima amesimama tu?"

"Namwambia akae. Akikaa ndipo suruali inapobana."

"Na huyu mweupe umempima vipi?"

Fundi akaitazama printa pale dirishani, kibao kimesimama, ulimi umetoka nje, kifuniko cha juu kimeachama. Akaitazama futi mkononi mwake. Sijawahi kumwona mtu mzima akiionea haya futi.

"Nimempima amekaa," akasema.

"Basi. Mgeni mpime akilala," shangazi akasema. "Sasa mtafutieni pa kulala, mke wako ana kazi."

"Pako wapi? Chumba ndicho hiki."

Mwantumu ndiye aliyejibu. Alifuta uso, akainuka, akavuta shuka lililokuwa kitandani. "Hapa," akasema. "Mgeni hupewa kitanda."

Fundi akatoa ubao wake mpana wa kukatia vitambaa, wakaulaza juu ya godoro, na printa ikawekwa katikati, imenyoosha kila ilichonacho. Dirisha likafungwa. Mlango ukafungwa, na shangazi akaweka stuli yake ukumbini, akaketi mlangoni. Jumapili kutwa hakupita mtu. Watoto wa darasa la saba waliokaa nyumba ile walijaribu kumwamkia mmoja mmoja, kila mmoja kwa adabu asiyokuwa nayo siku nyingine. Aliitikia shikamoo zote na hakusogea.

"Bibi, tukuletee maji?" wakamwuliza.

"Nimeng'olewa jino, wajukuu, sikung'olewa akili."

Ndani kulikuwa na joto kama la tanuri. Fundi alilisha karatasi kwa nyuma, Mwantumu alipokea mbele na kubana pini, na sisi wa nje tulisikia ile printa ikihema mpaka jua lilipozama. Wenye kitanda walilala chini kwenye mkeka pamoja na shangazi, miguu yao sita ikielekea mlangoni.

Jumatatu watoto walifanya mtihani. Jumatano yakatoka matokeo, na yalikuwa mabaya. Mmoja alipata tatu, mwingine saba. Tunu wangu alipata kumi na tisa kati ya hamsini. Nilikwenda shuleni nimekunja uso, nikamkuta Mwantumu ameshika karatasi zile kifuani kama mtu aliyepokea barua kutoka kwao.

"Mwalimu, wamefeli," nikamwambia.

"Wamefeli kila mtu kivyake," akasema. "Hakuna makosa mawili yanayofanana. Sasa najua nani nimfundishe nini." Akanionyesha karatasi ya Tunu. "Huyu hajui hesabu za sehemu, nusu na robo. Kila swali alilokosa lina sehemu ndani yake. Ningejuaje?"

Mwalimu mkuu alimwacha na darasa lake. Fundi aliing'oa ile rafu nzuri, akaifungua printa kila kinachofunguka, akaijaza karatasi, ndipo akapima. Rafu ya pili ilikwenda ukutani, juu ya upande wa miguuni wa kitanda, haikuwa nzuri, lakini ilitosha. Na tangu hapo, mteja akija kwake kupima nguo, au mpangaji akitaka ushauri wa kabati, au baba akimsifu mkwe aliyemwona mara moja tu barazani, Fundi alisema neno lile la shangazi yake, mpaka nyumba nzima ikalishika, kisha mtaa, na sasa seremala wenu, ambaye hakuwahi kumwona shangazi Mwanahawa.

Kwa hiyo msimnunie. Chukueni futi hii mwende dukani. Mwambieni muuzaji afungue vifuniko vyote, achomoe kibao, atoe ulimi, aweke karatasi na achape mkiwa mmesimama hapo. Akikasirika, akasirike. Ninyi ndio mtakaokaa nayo chini ya ngazi.

Mgeni mpime akilala.